Gunia linaishia wapi?

Wiki iliyopita binti wa dada yangu alinitumia tangazo la kijana anayetafuta mchumba. Alinitumia tucheke tu. Sifa zilikuwa saba: awe mrefu kiasi, awe na kazi, asiwe na mtoto, ajue kupika, na kadhalika, na mwisho kabisa, kama chumvi ya kumalizia mchuzi, "awe na hofu ya Mungu." Nikacheka, halafu kicheko kikakwama. Mwaka 1999 ungemuuliza mtu yeyote kijijini kwetu kuhusu mimi, angekuambia yule kijana ana hofu ya Mungu. Nilikuwa naimba besi kwenye kwaya ya vijana. Pombe sinywi. Jumapili sikosi. Na siku sita zilizobaki nilikuwa nashona lumbesa.

Kwa ambaye hajaishi nyanda za juu: gunia la viazi lina mdomo, na mdomo ndio mwisho wa gunia. Sheria ya vipimo inataka lisizidi kilo 100. Sisi tulilijaza hadi mdomoni, tukalisimamisha, tukalitikisa viazi vishuke, tukajaza tena, ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilipanga viazi juu ya mdomo kimoja kimoja kama mtu anayejenga ukuta wa mawe, duara juu ya duara, nikivizungushia neti na kuishona kwa kamba ya katani. Nikimaliza, gunia limevaa kilemba; hiyo ndiyo lumbesa. Linafika kilo 130, na kilemba kikiwa kirefu, 140. Mkulima analipwa gunia moja. Baba mdogo alikuwa na mtaji na alizijua bei za Dar es Salaam. Mimi nilikuwa na mkono mwepesi wa sindano. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, matokeo siyasemi, na Njombe enzi hizo bado ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Iringa.

Siku moja tulisimamisha gari kwenye kijiji kimoja, barabara ya kwenda Makete. Mwenye viazi alikuwa bibi mmoja mwenye mtoto wa jicho macho yote mawili. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia shamba alikuwa shuleni. Magunia yalikuwa kumi na manne, nimeshayashona yote isipokuwa la mwisho. Bibi akaja na fimbo yake, akasalimiwa, akaegesha fimbo ukutani, akaanza kulipapasa gunia kutoka chini kupanda juu, taratibu, kama mtu anayempima mtoto amekua kiasi gani. Mkono ukafika kwenye pindo la mdomo. Pale ukasita, halafu ukaendelea kupanda. Ukagusa neti. Ukapanda tena hadi ukapita kichwa chake mwenyewe.

"Mjukuu wangu, gunia linaishia wapi?"

"Hapo hapo, bibi."

Nilimwambia "hapo hapo" mtu asiyeiona hapo.

Akanyamaza kidogo. Nilidhani atalalamika, na jibu la baba mdogo nilikuwa nalo tayari mdomoni: hukubali, tunashusha, tunaenda kwa jirani. Badala yake akasema, "Sauti hii naijua. Si wewe unayeimba ile sauti nene kanisani, mkija kwenye uimbaji wa mtaa? Basi tuombee, baba, vifike salama."

Nikaomba. Na niliomba vizuri, sitaki kujisingizia. Nilimshukuru Mungu kwa mvua na mavuno, nikamwombea dereva na mlima wa Kitonga, nikaomba Bwana abariki kazi ya mikono ya bibi. Sindano ilikuwa mkononi. Bibi aliitika Amina kwa sauti kuliko vijana wote wa kupakia.

Sikutetemeka. Hilo ndilo linalonirudia miaka yote hii. Nilisubiri baadaye, usiku, nione kama nitaota vibaya, sikuota. Nililala kama mtoto.

Lakini wiki hiyo hiyo radi ilipiga, na mimi, mtu mzima wa miaka kumi na tisa, nilikaa kitako sakafuni mbali na mlango nikasali kimoyomoyo. Njombe ikiamua kupiga radi haina utani. Marehemu bibi yangu mzaa baba alikuwa akifunika kioo kwa khanga, anatoa nguo nyekundu kwenye kamba, anatuzimia redio na kutuambia, "Tulieni, Mungu anapita." Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya kwanza ya hofu ya Mungu, na nilifaulu. Mungu alikuwa mwenye radi. Alipopita, mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Elimu ya pili ilikuwa darasa la kipaimara. Sisi Walutheri tunakaririshwa Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, ya mwaka 1529, na kila amri ya Mungu maelezo yake yanaanza na jambo lile lile: kwamba tunapaswa kumcha na kumpenda Mungu. Mara kumi. Ukishakariri moja umepata mwanzo wa zote, ndiyo maana tuliipenda. Siku ya kwanza mwinjilisti aliuliza, "Kucha maana yake nini?" Rafiki yangu mmoja akanyoosha vidole, akaonyesha kucha zake. Darasa zima likaanguka kwa kicheko, yeye akapigishwa magoti, na mwinjilisti kwa hasira akatupa jibu fupi: "Kucha ni kuogopa." Tukasonga amri ya pili.

Nadhani pale ndipo nilipopotezwa njia, ingawa simlaumu, alikuwa na watoto sitini na chaki moja. Kiswahili kilitutendea wema ambao hatuutumii. Nyoka tunamwogopa. Deni tunaliogopa. Radi, usaili, mama mkwe. Lakini hakuna anayesema anamcha nyoka. Kitenzi hiki siku hizi tumemwachia Mungu peke yake, na Mwislamu na Mkristo wanakitumia sawasawa: mcha Mungu ni mcha Mungu, awe anatoka msikitini au kanisani. Wakatoliki kwenye vipaji saba vya Roho Mtakatifu wanahesabu uchaji wa Mungu, uko wa mwisho kwenye orodha, kama sifa ya mchumba kwenye lile tangazo, ila nahisi wao wameuweka mwisho kwa sababu nyingine. Sasa neno "hofu" limekuja likavila vyote. Mgombea ana hofu ya Mungu, mhasibu atafutwaye awe na hofu ya Mungu, mpangaji awe na hofu ya Mungu. Ukichunguza, wanachotaka ni mtu asiyeiba. Wangeandika hivyo tu.

Mlima Sinai ulikuwa na radi pia. Nilikuja kuisoma vizuri Kutoka 20 nikiwa nimeshaoa. Watu wanaona umeme, wanasikia baragumu, mlima unafuka moshi, wanarudi nyuma wanasimama mbali. Musa anawaambia msiogope, halafu ndani ya sentensi hiyo hiyo anawaambia Mungu amekuja ili kicho chake kiwe mbele yao wasitende dhambi. Msiogope, mwe na hofu. Nilisoma mara tatu nikidhani nimeruka mstari. Kisha ukifunua kurasa chache, Kutoka 32, wale wale waliotetemeka kwa radi wanavua pete zao za masikioni na kutengeneza ndama wa dhahabu, Musa yuko mlimani kwa siku arobaini tu. Radi iliwatetemesha, haikuwazuia. Mimi ningewaelewa. Mimi ningeshona neti ya yule ndama.

Aliyenikamata hasa ni Amosi. Sura ya 8 ana wafanyabiashara wa nafaka wanaoulizana mwezi mpya utaisha lini, sabato itakwisha lini, ili wafungue ngano, wapunguze efa, kipimo chao cha nafaka, na kuongeza shekeli, jiwe la kupimia fedha ya mnunuzi, wadanganye kwa mizani za uongo. Miaka yote nilimsikia akihubiriwa kama nabii wa matajiri wabaya. Siku moja nikiwa nimekaa gengeni nikaona jambo ambalo sijasikia mhubiri akilisema: wale jamaa sabato walikuwa wanaishika! Duka lilikuwa limefungwa. Wanasubiri kwa uchungu, lakini wanasubiri, hawauzi hata punje. Kwa kipimo cha tangazo la mchumba, wana hofu ya Mungu kabisa. Hofu yao ilikuwa na saa za kazi.

Na kuhusu efa na shekeli, sisi tuliwapita. Wao walipunguza kipimo wakiuza. Baba mdogo na mimi tulikuwa tunaongeza kipimo tukinunua, na viazi vilipofika mjini vikapunguziwa kipimo vikiuzwa. Kiazi kile kile kinaibiwa mara mbili njiani.

Mchungaji wetu, ambaye nilimpelekea swali bila kumwambia chanzo chake, aliniambia nisome Mambo ya Walawi 19 na 25 na kalamu mkononi, nipige mstari kila penye maneno "umche Mungu wako." Yanatokea mara tano. Usimlaani kiziwi wala usiweke kikwazo mbele ya kipofu, umche Mungu wako. Mwinukie mzee mwenye mvi, umche Mungu wako. Mkiuziana ardhi msipunjane. Ndugu yako akifilisika usimtoze riba. Mtu aliyejiuza kwako awe mtumishi usimtawale kwa ukali. Basi. Hakuna radi hata moja hapo. Kiziwi hasikii tusi, kipofu haoni jiwe, mzee hana nguvu za kukudai kiti, aliyefilisika hana pa kukimbilia. Mchungaji akaniambia Rashi, mwalimu wa Kiyahudi aliyeishi Ufaransa na kufariki mwaka 1105, aliliona hilo zamani: kwamba maneno hayo yamewekwa penye mambo ambayo nia yake anaijua mtenda mwenyewe tu, anaweza kusema nilikuwa na nia njema na hakuna binadamu wa kumbishia.

Gunia linaishia wapi. Hapo hapo, bibi.

Nawajua watakaoniambia, kama anavyoniambia shemeji yangu ambaye anahudhuria kanisa la kisasa lenye viti vya plastiki vyeupe na vyombo vya muziki vya bei mbaya, kwamba hofu ya Mungu maana yake ni heshima tu, Mungu ni baba, tusitishane. Anachukua 1 Yohana 4:18, kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Ni kweli, na mstari huo wenyewe unaeleza ni hofu ipi: ile yenye adhabu ndani yake. Hiyo ya kioo kilichofunikwa khanga. Itupwe, sitailia. Lakini "heshima tu" hainitoshi. Mwenyekiti wa mtaa wangu namheshimu, akipita nanyanyuka, na hajawahi kunikosesha usingizi. Waraka kwa Waebrania unasema Mungu wetu ni moto ulao, na umeandikiwa watu waliokwisha kuokoka. Na Ayubu, yule ambaye Biblia inamtaja waziwazi kuwa mcha Mungu, shetani anamuulizia swali moja ambalo heshima tu hailijibu: je, Ayubu anamcha Mungu bure? Yaani akikosa faida, na akikosa wa kumwona, ataendelea?

Nilivyopata hofu nyingine, ya kweli, sijui kama nitaeleza vizuri. Haikuanzia kanisani.

Mwaka 2006 nilikuwa nimeshahamia Dar, nauza viazi kwa rejareja na jumla kidogo kwenye soko moja. Nilikopa pesa kwa mzee mmoja wa Tanga, Mwislamu, jirani yangu wa meza, shilingi 2,400,000, nikaleta mzigo. Gari likafa Kitonga msimu wa mvua, siku tatu limekaa na turubai juu, viazi vikaiva humo ndani kama vimo kwenye sufuria. Ulipofunguliwa mzigo, harufu ilifika hadi kwa wauza ndizi. Nilikwenda kwa mzee na maneno niliyoyapanga usiku kucha, theluthi yake uongo. Akanisikiliza, akauliza, "Umekula?" Nikasema sijala. Akaagiza chapati na maharage. Nilipomaliza akasema, "Utalipa nusu, taratibu. Nusu nyingine niachie mimi na Mola wangu."

Tangu siku hiyo nilimwogopa mzee yule kuliko watu wote waliokuwa wakinidai, na walikuwepo wengine waliotishia kuchukua godoro. Sikuweza kumdanganya hata saa niliyofika sokoni. Zaburi 130 ina mstari nilioukariri kwaya bila kuuelewa: kwako kuna msamaha, ili wewe uogopwe. Ungetegemea iandikwe kwako kuna adhabu, ili uogopwe. Nimelipa nusu ya deni ndipo nikauelewa.

Na bado sado yangu ilikuwa imebonyea. Sado ni lile kopo la rangi la lita nne tunalopimia. Mimi yangu nilikuwa nimeigeuza na kuigonga kitako kwa jiwe hadi kikaingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Inakata kama viazi vitatu vya wastani kwa kila kipimo. Sokoni kila mtu anajua, mteja hajui. Miezi kama minne baada ya msamaha ule, mshikio wa sado ya mzee ukakatika, akaniazima yangu ampimie mama mmoja. Akamimina, akasita, akavitoa viazi. Akaingiza vidole ndani, akagusa kitako. Kisha akanirudishia ile sado kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu, akaenda kuazima meza ya tatu. Hakusema neno, siku ile wala nyingine.

Siku hiyo nilitetemeka. Usiku nilijaribu kukinyoosha kile kitako kwa nyundo, hakikunyooka, bati likachanika. Nikanunua sado nyingine.

Utaniambia hapo ulimwogopa mzee wa Tanga, si Mungu. Inawezekana. Mimi nasema sikuwa nimewahi kumwona Mungu anavyofanya akishajua, hadi niliporudishiwa kopo kwa mikono miwili.

Mwaka jana mwezi wa saba nilikwenda Njombe kwenye msiba, nikakata shauri nipite kile kijiji. Nilishapiga hesabu: magunia kumi na manne, tuseme kilo 35 za kilemba kila moja, ni kilo 490. Nikaweka bei ya shamba ya shilingi 700, ikaja 343,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, aliahidi kurudisha mara nne, ambayo ni 1,372,000, na hapo ndipo nilipogundua mimi si Zakayo. Nilitia kwenye bahasha laki tano.

Bibi alishafariki, miaka mingi. Nyumba ina bati jipya, ukuta ni ule ule. Mjukuu aliyekuwa shuleni siku ile sasa ni mwanaume wa makamo, mwenye pikipiki na kitambi kidogo. Nilimkuta uani na vijana wawili, magunia yamesimama mstari, naye anazungushia neti, kaishikilia sindano kwa meno huku anavuta kamba. Amekuwa mnunuzi. Anakusanya viazi vya kijiji chake na vya jirani, anapakia kwenda Dar. Vilemba vyake ni virefu kuliko vyangu vya 1999. Neti za siku hizi ni imara.

Nikamweleza, nimesimama, sikutaka kiti. Nilimwambia yote, hadi lile la maombi. Alisikiliza huku macho yakienda kwenye magunia na kurudi kwangu. Vijana wake wakaacha kazi. Akapokea bahasha, akahesabu mbele yangu, kwa haki kabisa, noti moja moja, akaikunja akaitia mfuko wa shati.

"Nimesikia wewe sasa ni mzee wa kanisa, huko Dar," akasema.

"Ndiyo."

"Basi tuombee, mzee. Vifike salama. Gari linakuja saa kumi."

Nilitazama lile gunia lililokuwa karibu yake. Nikamwambia, "Leo omba wewe."

Akasimama pale muda mrefu. Akaitoa sindano mdomoni, akatafuta pa kuiweka, hakupaona, akaichomeka kwenye neti ya lile gunia. Kisha akavua kofia.